Chakula na Mila za Wajamaika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukifunua sufuria ya Mjamaika utakuta vitu unavyovijua tangu utotoni: tui la nazi, mbaazi, mchicha, magimbi, viazi vikuu, ndizi mbichi, muhogo, shelisheli. Kinachompoteza Mswahili ni mkono: kipi kinatangulia, kipi hakikorogwi, kipi kinamwagwa pamoja na maji yake. Ndiyo maana majibu haya yanakaa sana jikoni. Kikombe cha kupimia ni cha mililita 250, kijiko kikubwa ni cha mililita 15.

Chakula cha taifa cha Jamaika ni kipi?

Ni aki na samaki wa chumvi, na huliwa hasa asubuhi. Aki ni tunda la mti wa Afrika Magharibi uliofika Jamaika katika karne ya 18, enzi za biashara ya utumwa. Jina lake la kisayansi, Blighia sapida, limetokana na nahodha William Bligh, aliyepeleka vielelezo vya tunda hilo Uingereza mwaka 1793. Samaki naye si wa bahari ya Karibi. Huvuliwa kwenye maji baridi ya Atlantiki ya kaskazini, akakaushwa kwa chumvi, na zamani alishushwa Jamaika kama chakula cha bei ndogo cha kuwalisha watumwa wa mashamba ya miwa.

Ni kweli aki inaua?

Ndiyo, ikiliwa kabla ya wakati wake, na hapa hatutaki mtu abahatishe. Aki changa ina sumu iitwayo haipoglisini A. Sumu hii huuzuia mwili kutengeneza sukari mpya pale akiba yake inapokwisha, kwa hiyo sukari ya damu hushuka vibaya. Mtu huanza kwa kutapika sana, kisha huishiwa nguvu na kusinzia. Hali ikizidi hupata degedege na kupoteza fahamu. Watoto wadogo na watu wenye lishe duni ndio huumia zaidi. Mtu aliyekula aki akaanza kutapika apelekwe hospitali mara moja, na wahudumu waambiwe alikula nini.

Kanuni ya Wajamaika ni moja: tunda lipasuke lenyewe likiwa mtini. Likiiva huwa jekundu, hufunguka sehemu tatu, na ndani yake hutokeza mbegu tatu nyeusi zinazong'aa, kila moja imekaa juu ya kipande cha nyama chenye rangi ya siagi. Nyama hiyo tu ndiyo inayoliwa. Ukiigeuza utaona kwenye mkunjo wake utando wa rangi ya waridi au nyekundu. Utoe wote kwa ncha ya kisu, kipande kwa kipande. Mbegu na ganda ni vya kutupa. Tunda lililofunguliwa kwa nguvu, au lililoanguka likiwa limefumba, liache. Kulichemsha hakuliokoi. Na hata aki iliyoiva, maji yaliyoichemshia yamwage, usiyageuze supu.

Walio nje ya Jamaika wanunue ya kopo, iliyokwisha safishwa na kuchemshwa. Marekani iliizuia aki kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2000 inapokea ya viwanda vilivyokaguliwa tu. London na Toronto utaipata katika maduka ya vyakula vya Karibi. Kopo la kawaida lina gramu 540 pamoja na maji yake.

Inapikwaje?

Kwa watu 4 chukua gramu 225 za samaki wa chumvi, kopo moja la aki, kitunguu kimoja kikubwa, nyanya 2, nusu ya pilipili hoho, vitunguu vya majani 2, punje 2 za kitunguu saumu, kijiti cha thaimu, nusu ya pilipili mbuzi bila mbegu, na vijiko 3 vikubwa vya mafuta.

Samaki alowekwe usiku kucha katika maji mengi, na maji yabadilishwe angalau mara moja. Asubuhi mchemshe dakika 15 hadi 20 katika maji mapya, kisha onja kipande. Unatafuta chumvi inayosikika bila kukereketa koo. Bado ikizidi, chemsha tena kwa maji mengine. Mwondoe ngozi na miiba, mchambue vipande vikubwa.

Kaanga vitunguu, hoho, saumu, thaimu na pilipili mpaka vilainike, tia nyanya, kisha samaki, mwache dakika 5 ashike viungo. Aki ndiyo ya mwisho. Imwage katika chujio maji yatoke, iweke juu ya samaki, nyunyiza pilipili manga, punguza moto. Usikoroge. Tikisa sufuria, au pitisha mwiko chini na kugeuza taratibu mara mbili tatu. Dakika 5 zinatosha.

Aki yangu imekuwa kama uji. Nimekosea wapi?

Umeikoroga, au umeiweka mapema. Aki iliyopikwa hufanana na yai la kuvuruga, na wengi huikoroga kama yai. Inatakiwa ibaki vipande vinavyoonekana, laini kiasi cha kupondeka ulimini. Kosa la pili ni kuongeza chumvi. Usiiguse mpaka umeonja chungu kizima.

Huku hatupati samaki huyo. Tutumie ng'onda?

Ng'onda wa nguru anafaa, mradi mkavu wake si wa kuvunda. Nyama yake ina mafuta zaidi, kwa hiyo mafuta ya kukaangia yawe vijiko 2. Mloweke saa 6 hivi, onja, kisha chemsha dakika 10 tu, maana huvunjika upesi. Papa mkavu hatumpendekezi hapa: harufu yake kali huifunika aki, ambayo ladha yake ni ya upole kabisa.

Jerk ni mchuzi au ni namna ya kuchoma?

Ni vyote viwili, na ndiyo sababu chupa ya dukani pekee haikupi jerk. Kuna viungo vinavyopakwa nyama, halafu kuna moshi wa mti wa pimento.

Asili yake ni Wamaroon, watu waliotoroka utumwa wakaishi milimani. Waingereza walipoiteka Jamaika kutoka kwa Wahispania mwaka 1655, wengi zaidi walikimbilia huko. Walipigana na Waingereza kwa miongo mingi mpaka wakatambuliwa kwa mkataba wa mwaka 1739, na kila tarehe 6 Januari kijiji cha Accompong bado hukusanyika kuadhimisha, baragumu la pembe liitwalo abeng likipulizwa. Wamaroon waliwinda nguruwe mwitu, wakamtia chumvi, pilipili na punje za pimento, wakamkausha na kumchoma polepole juu ya miti mibichi. Namna ya kuchoma na kukausha nyama juu ya moshi walikuwa nayo pia Wataíno, wenyeji wa kwanza wa kisiwa. Leo mahali panaposifiwa zaidi kwa jerk ni Boston Bay, katika parokia (yaani mkoa) ya Portland. Huko nyama hulazwa juu ya magogo ya pimento yenyewe na kufunikwa kwa bati. Mijini huchomwa katika pipa la mafuta lililopasuliwa kwa urefu, nusu moja ikawa jiko na nusu ikawa mfuniko.

Pimento ni nini, na mbadala wake ni upi?

Ni punje kavu za mti wa asili ya Karibi na Amerika ya Kati. Zinafanana na pilipili manga, ila ni kubwa kidogo na ngozi yake ni laini zaidi. Ukiponda moja utasikia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Usiichanganye na pilipili hoho nyekundu ya kopo ambayo Wazungu huiita kwa jina hilohilo.

Ukiikosa, badala ya kijiko kikubwa kimoja cha pimento ya unga changanya vijiko vidogo 1½ vya mdalasini, ¾ ya karafuu, ½ ya kungumanga na ¼ ya pilipili manga. Karafuu ya Unguja na Pemba ina nguvu, usizidishe hapo. Ladha itakaribia. Kwa moshi, kama unaweza kupata punje zenyewe, loweka kiganja kimoja kwa nusu saa na uzitupie juu ya makaa kidogokidogo.

Nipe vipimo vya kuku wa jerk.

Kwa kuku wa kilo 1½ hadi 2, aliyepasuliwa mgongoni na kutandazwa: vitunguu vya majani 8, pilipili mbuzi 3, saumu punje 5, tangawizi ukubwa wa kidole gumba, thaimu mbichi kijiko kikubwa 1, pimento ya unga vijiko vikubwa 2, mdalasini kijiko kidogo 1, kungumanga nusu kijiko kidogo, sukari ya kahawia vijiko vikubwa 2, chumvi vijiko vidogo 3, sosi ya soya vijiko vikubwa 2, maji ya ndimu 2 na mafuta vijiko vikubwa 2.

Pilipili ya Jamaika iitwayo Scotch bonnet ni ndugu wa karibu wa pilipili mbuzi. Harufu ni ya tunda na ukali unalingana, kwa hiyo hapo hupotezi kitu. Kichaa haikufai, ina ukali bila harufu ile.

Saga vyote viwe rojo zito. Vaa glavu. Mtoboe kuku kwa kisu sehemu nene, sukuma rojo chini ya ngozi na ndani ya matobo, kisha mlaze kwenye baridi usiku kucha. Weka pembeni vijiko 4 vya rojo ambalo halijagusa kuku mbichi, ndilo utakalopaka akikaribia kuiva.

Kuku anaungua nje, ndani bado damu. Kwa nini?

Makaa yapo chini yake moja kwa moja, na rojo lina sukari. Sukuma makaa yote upande mmoja wa jiko, mlaze kuku upande wa pili, ngozi ikiwa juu, funika. Hesabu saa 1 hadi 1¼. Dakika 10 za mwisho ndipo umsogeze juu ya moto apate weusi wake. Paja likitobolewa maji yatoke meupe. Mwenye kipima joto atafute nyuzi 74 karibu na mfupa. Kuku wa jerk huwa mweusi kwa nje, lakini ni weusi wa viungo na moshi, haupaswi kuwa mchungu.

Katika oveni tumia nyuzi 180 kwa saa moja, kisha mweke chini ya moto wa juu dakika 5. Utapata kuku mtamu. Moshi hutaupata, na tusidanganyane kwamba kuna chupa ya kuuleta.

"Rice and peas" ni wali wa njegere?

Hapana. Ni wali wa nazi na maharage mekundu, au wali wa nazi na mbaazi. Neno lao la mbaazi ni gungo. Maharage ni ya mwaka mzima, kila Jumapili, na kuku wa kukaushwa kwa mchuzi mweusi pembeni. Mbaazi mbichi ni za Krismasi, kwa sababu ndipo zinapokomaa. Ukipika wali huu siku ya kazi hakuna atakayekukataza, lakini nyumba nyingi za Jamaika Jumapili isiyo na wali huo haijawa Jumapili.

Kwa watu 6: maharage mekundu makavu kikombe 1, mchele mrefu vikombe 2, tui zito mililita 400, vitunguu vya majani 2, thaimu vijiti 3, saumu punje 2, pimento nzima 6, pilipili mbuzi 1 nzima yenye kikonyo, chumvi vijiko vidogo 1½.

Maharage yalale ndani ya maji usiku kucha, maji hayo yamwagwe. Yatie maji mapya vikombe 5 pamoja na saumu na yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto, kwa kuwa maharage mekundu yasiyochemka sawasawa huumiza tumbo vibaya. Yapike mpaka yalainike bila kupasuka, saa moja au zaidi. Sasa usiyachuje. Pima maji yaliyobaki pamoja na tui: jumla iwe vikombe 3½. Yakipungua ongeza maji, yakizidi acha yachemke yapungue. Tia vitunguu vya majani ulivyovigonga kwa ubapa wa kisu, thaimu, pimento na chumvi, chemsha dakika 10 tui lishike viungo. Osha mchele, utie, na pilipili uiweke juu nzimanzima. Maji yakikaribia kukauka, funika kwa karatasi ya foili chini ya mfuniko, moto wa chini kabisa, dakika 20. Itoe pilipili kwanza, kisha ndipo uuchambue wali kwa uma.

Wali wangu ni mweupe, wa Wajamaika ni wa kahawia. Wanatia nini?

Hawatii kitu. Ni maji yaliyochemshia maharage, ambayo wewe uliyamwaga.

Pilipili imepasuka ndani ya wali. Kuna dawa?

Itoe haraka pamoja na wali unaoizunguka, na usikoroge. Safari ijayo chagua isiyo na ufa, usikate kikonyo, na usiiweke kabla ya mchele. Kazi yake hapo ni harufu.

Callaloo ni mchicha?

Ndiyo, callaloo ya Jamaika ni mchicha. Tahadhari: Trinidad jina hilohilo ni la majani ya magimbi, ambayo yakiliwa mabichi au yakipikwa haraka huwasha koo. Mjamaika huchuna nyuzi za bua kama unavyomenya bua la majani ya maboga, hukata bua na majani pamoja, huosha kwa maji ya chumvi, kisha huyapika kwa mvuke wa maji yake mwenyewe pamoja na kitunguu, nyanya, thaimu na pilipili, dakika 8 hadi 10. Huliwa asubuhi, mara nyingi na samaki wa chumvi. Maji usiongeze, mchicha una yake ya kutosha.

Mchuzi wa mbuzi wa Jamaika unatofautianaje na wetu?

Kwanza, ulikotoka. Baada ya utumwa kufutwa, wenye mashamba walileta vibarua wa mkataba kutoka India. Meli ya kwanza, Blundell, ilifika Old Harbour Bay mwaka 1845, na mpango ukaendelea hadi 1917. Walioletwa walikuwa kama 36,000. Mfumo wa mikataba ya aina hiyohiyo ndio ulioleta Wahindi kujenga reli ya Uganda kuanzia 1896. Ila kwetu pwani bizari ilikuwa imekwisha ingia zamani kwa majahazi, na hiyo inaonekana kwenye mchuzi wenyewe: wetu una nyanya, mdalasini na iliki, wa Jamaika una manjano mengi, pimento, thaimu na pilipili mbuzi, bila nyanya, au nyanya kidogo sana.

Kwa kilo 1½ ya mbuzi mwenye mifupa tia vijiko vikubwa 3 vya bizari ya Kijamaika, kitunguu, vitunguu vya majani, saumu, tangawizi, thaimu na chumvi, mkandamize kwa mkono, alale usiku. Siku ya pili pasha mafuta vijiko 3, tia kijiko kimoja zaidi cha bizari peke yake na ukoroge. Wajamaika huita hatua hii kuunguza bizari. Ndani ya nusu dakika unga hubadilika kutoka manjano kwenda kahawia ya dhahabu, na harufu mbichi ya manjano huondoka. Hapo tia nyama papo hapo. Ukichelewa ikawa kahawia iliyoiva, mwaga uanze upya, kwa kuwa uchungu huo hautoki hata kwa tui. Geuza nyama mpaka itoe maji yake, yaache yakauke, kisha ongeza maji ya moto kidogokidogo, kikombe kimoja kila mara, saa 2 hivi. Viazi viingie dakika 25 za mwisho, vivunjike kidogo na kuupa mchuzi uzito. Ukimwaga maji mengi mwanzoni utapata supu ya manjano.

Kichwa, miguu, utumbo na sehemu za dume za beberu huyohuyo haziachwi: hupikwa na ndizi mbichi na madonge ya unga kuwa supu iitwayo mannish water, chakula cha harusi na misiba.

Samaki wa escovitch, bammy na festival ndivyo vitu gani?

Ni sahani ya ufukweni, na pale Hellshire, karibu na Kingston, ndipo watu hufuata hasa. Samaki mzima hukaangwa awe mkavu wa ngozi, kisha humwagiwa siki ya moto: kikombe 1 cha siki, kitunguu na karoti vilivyokatwa nyuzinyuzi, pilipili mbuzi, pimento 8, chumvi na sukari kidogo, vichemke dakika 3 tu ili karoti ibaki na ugumu kidogo. Mkaushe samaki kwa kitambaa kabla ya kukaanga. Mwenye majimaji hushika kwenye kikaango.

Bammy ni mkate wa muhogo, urithi wa Wataíno. Muhogo hukunwa, hukamuliwa katika mfuko mpaka ubaki unga wenye unyevu, hutiwa chumvi na kuokwa kwenye bamba mviringo. Muhogo mchungu una sumu, na kukamua kisha kuoka ndiko kunakoitoa, kwa hiyo hatua hiyo haifupishwi. Kabla ya kuliwa, bammy huloweshwa tui dakika 10 na kukaangwa. Festival ni andazi refu: unga wa ngano vikombe 1½, unga wa mahindi ½, sukari vijiko vikubwa 3, baking powder kijiko kidogo 1½, chumvi na vanila. Kanda kwa maji kidogo, upumzike nusu saa, viringisha vidole vya sentimita 12, kaanga moto wa wastani. Moto mkali huacha ubichi katikati kwa sababu ya sukari.

Rasta wanakula nini, na ni kweli jina Nyabinghi limetoka kwetu?

Chakula cha Kirasta huitwa ital: mboga, kunde, mizizi, tui, viungo, bila chumvi ya dukani na bila vitu vya viwandani. Nguruwe hawamgusi. Wengi hawali nyama yoyote, baadhi hula samaki wadogo. Ladha ya chumvi inayokosekana hufidiwa na thaimu, pimento, saumu na tui lililochemshwa mpaka likatoa mafuta. Ukimpikia Rasta, uliza kwanza. Wanatofautiana, na kubahatisha ni kutomheshimu.

Ndiyo, jina lina asili ya Maziwa Makuu. Nyabingi ilikuwa ibada yenye nguvu kaskazini mwa Rwanda na kusini magharibi mwa Uganda, na mmoja wa viongozi wake, Muhumuza, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911 kwa kuwapinga. Habari za jina hilo ziliwafikia Wajamaika miaka ya 1930 kupitia magazeti, wakati Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia anayetukuzwa na Marasta, aliyetawazwa tarehe 2 Novemba 1930, alikuwa katika macho ya dunia. Leo Nyabinghi ni mkusanyiko wa ibada wa Marasta, na ngoma zake ni tatu: kubwa ya besi, fundeh inayoshika mapigo kama ya moyo, na repeater inayosema juu yake. Tarehe 21 Aprili wanaadhimisha siku Haile Selassie alipotua Jamaika mwaka 1966.

Usiku wa tisa ni nini? Nikialikwa nifanyeje?

Ni matanga yao. Tangu kifo kitangazwe, majirani huja nyumbani usiku kwa usiku, na usiku wa tisa ndio mkubwa, wa kumuaga marehemu ili roho yake isibaki ikizunguka. Mezani huwekwa chakula alichokipenda, na kwa desturi hakiguswi mpaka usiku wa manane. Chumba chake hupangwa upya, kitanda na kabati vikihamishwa, ili akirudi asikitambue. Wapo wanaoimba nyimbo za kanisa za zamani, mmoja akiutamka mstari na wengine wakiuitikia kwa sauti. Wengine hucheza domino na kugonga meza. Leo nyumba nyingi hukodi spika kubwa za muziki, na wazee wengine hawalipendi hilo.

Fika na kitu: samaki wa kukaanga, mkate, kahawa, sukari, au mchango. Usishangae kicheko, huko kumsindikiza mtu kwa furaha ni sehemu ya heshima. Wazee wa kike waite Miss na jina lao la kwanza, kama unavyomwita mtu Bi Asha, na ukiingia salimia kwanza. Kupita kimya mbele ya watu ni ukosefu wa adabu Jamaika kama ulivyo Tanga.

Krismasi na Pasaka huliwa nini?

Krismasi ni keki nyeusi ya matunda yaliyolowekwa ndani ya ramu, wali wa mbaazi, na kinywaji chekundu cha sorrel, ambacho ni rosela yetu. Gramu 100 za rosela kavu, tangawizi gramu 80 iliyopondwa, pimento 8, maji ya moto lita 2. Funika saa 12 hadi 24, chuja, tia sukari gramu 250, onja. Usitumie sufuria ya aluminiamu, ukali wa rosela huila na kinywaji hupata ladha ya chuma. Tumia ya chuma cha pua au chombo cha udongo. Ramu hutiwa mwisho, kwa hiyo asiyekunywa huacha tu.

Pasaka ni mkate mtamu wa viungo na zabibu, mweusi, unaoliwa na kipande kinene cha jibini ya kopo. Ijumaa Kuu nyama hailiwi, ni samaki. Alfajiri yake wengine huvunja yai na kutia ute mweupe katika glasi ya maji, na jua likipanda hutazama ute ulivyojichora: meli ni safari, jeneza ni msiba.

Muislamu atakula salama?

Kwa sehemu kubwa ndiyo: wali, mchicha, samaki, bammy, mbuzi na kuku wakiwa wa kuchinjwa kihalali. Uliza kuhusu mambo matatu. Supu ya maharage mara nyingi hutiwa mkia wa nguruwe wa chumvi. Vibanda vya jerk huchoma kuku na nguruwe juu ya magogo yaleyale. Keki nyeusi ina ramu. Nyumbani matunda unaweza kuyaloweka katika juisi ya zabibu siku 2, kwenye baridi.

Kuna methali zao zinazofanana na zetu?

Nyingi. "Wan wan koko full baskit": koko ni jamii ya jimbi, na maana yake ni jimbi moja moja hujaza kapu. Ndiyo haba na haba hujaza kibaba yetu. Lugha yenyewe, Patwa, ilidharauliwa shuleni kwa muda mrefu. Louise Bennett-Coverley, aliyezaliwa mwaka 1919, ndiye aliyeipandisha jukwaani na redioni mpaka watu wakaacha kuionea aibu. Hadithi za watoto ni za Anansi, buibui mjanja aliyetoka kwa Waakan wa Ghana. Anafanya kazi ya sungura wetu.

Shelisheli huchomwa namna gani huko?

Bligh huyohuyo ndiye aliyeleta miche yake kutoka Tahiti mwaka 1793, safari ya kwanza ikiwa imeharibiwa na uasi wa mabaharia mwaka 1789. Chagua shelisheli gumu, lenye utomvu uliokauka juu ya ngozi. Lililolainika linafaa kwa uji tu. Chonga alama ya msalaba upande wa chini, usilisahau hilo maana mvuke ukikosa njia hupasuka. Lilaze juu ya makaa au moto wa gesi, ugeuze kila dakika 10. Baada ya saa moja hivi ngozi yote itakuwa mkaa na mvuke utatoka kwa kasi pale kwenye kikonyo, hapo limeiva. Liache dakika 10, limenye likiwa bado la moto kwa kulishika na kitambaa, pasua katikati, toa moyo wake, kata vipande vinene. Siagi, chumvi kidogo, na aki pembeni. Kilichobaki kikaange kesho yake asubuhi.